Bila Kuathiri Haki

9 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na Mama hajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa mafua kidogo ambayo bweni zima tumegawana bila ubaguzi. Mwambie Mama soksi nimezipata na zimenitosha.

Nina mambo mawili. La kwanza ni la kuchekesha. Mwalimu wa Kiswahili alitupa insha ya "Kazi ya Mzazi Wangu". Nikaandika kwamba wewe ni wakili wa mambo ya biashara, ya nyumba na viwanja, na ya watu waliofilisika, na kwamba wakati mwingine mahakama hukuteua kuwa mfilisi. Mwalimu akadhani nimekosea tahajia. Akapachika "u" kwa kalamu nyekundu, ukawa mufilisi, kisha baada ya kipindi akaniita pembeni na kuniuliza kwa sauti ya upole kama nina hakika kwamba ada ya muhula itapatikana. Ilibidi nimweleze kwamba mfilisi ndiye anayekusanya mali na kuigawa kwa wanaodai, na mufilisi ndiye anayekusanyiwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini darasa lilikwisha kusikia, na kwa wiki nzima nikawa "binti wa mufilisi".

Aliyewanyamazisha ni Randa. Unamkumbuka, binti wa yule fundi seremala aliyenitengenezea sanduku la bweni. Hapa shuleni wamempa jina hilo kwa sababu ya kazi ya baba yake, kama mimi wanavyoniita Kifungu kwa sababu ya kazi yako. Aliwaambia, "Chekeni tu. Siku wakija kubeba magodoro yenu, mtamtafuta baba yake Kifungu kwa magoti."

Jambo la pili ni hili:

BILA KUATHIRI HAKI

Hisabati nimepata thelathini na nne.

Nimeyaandika maneno hayo kwa herufi kubwa kama yalivyo kwenye muhuri wako mwekundu, ule niliokuwa najigonga nao mkononi nikiwa mdogo. Ulinifundisha kwamba watu wawili wanaogombana, wakitaka kupatana, wanaweza kuandikiana chini ya maneno hayo, na lolote watakalokiri humo haliwezi kupelekwa mbele ya hakimu. Basi nami nimekiri.

Ni mimi,
Binti yako

*

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo ni ule ule. Nilimwita babake Randa aangalie kiti cha ofisini, akakigeuza juu chini, akakigonga mara mbili, akasema kiti hakina tatizo, tatizo ni mkaaji. Hakutaka hata malipo.

Ukiri wako wa hisabati umepokelewa, umesomwa na wazazi wote wawili, na hautatumika dhidi yako. Matokeo ya muhula ujao yatatumika.

Kazi haijapungua. Watu wanakaa kwenye lile benchi la ngazini kabla karani hajafungua madirisha. Hakuna anayesema amekuja kumwona wakili. Wote wanasema wamekuja kwa "wakili wetu". Hata wanaodaiana, mdai na mdaiwa, kila mmoja husema wakili wetu. Mji wenye wakili mmoja ndivyo ulivyo. Anayewahi ngazi ndiye ninayekuwa wake, aliyechelewa anapanda gari kwenda mji wa jirani.

Nikupe habari moja njema, kwa kuwa unapenda kuniuliza kazi yangu inamfaa nani. Juzi nimemrudishia mshona nguo wa sokoni cherehani yake. Walikuwa wameibeba pamoja na vitambaa. Sheria inasema mtu akifilisiwa, vifaa vyake vya kazi haviguswi, ilimradi aombe mahakamani kabla ya siku ya mnada. Wengi hawajui, basi hawaombi, na siku inapita. Yeye alikuja mapema. Aliibeba cherehani kichwani mwenyewe, akakataa msaada, akashuka nayo ngazi akiimba.

Soma. Ile nafasi chini ya jina langu kwenye kibao cha mlangoni bado iko wazi, inakusubiri.

Baba yako

*

14 Machi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta nyote katika afya njema. Mafua yamekwisha, na barua yako nimeisoma kwa sauti bwenini, sehemu ya cherehani mara mbili.

Baba, nina ombi. Randa hali vizuri. Usiku anajifunika shuka mpaka kichwani, na mimi ninayelala kitanda cha juu nasikia kitanda kinatikisika. Jana alinieleza. Baba yake alichukua mbao nyingi kwa mkopo kwa ajili ya madawati ya shule moja, shule ikakataa madawati, na sasa mwenye mbao anataka alipwe zote kwa pamoja au achukue karakana na nyumba. Fundi anaogopa mawakili. Anasema wakili ukimwambia neno moja analigeuza kuwa matatu. Ile mashine yake kubwa ya kupigia randa ameihamishia kwa shemeji yake, ili apate kufanya kazi na kulipa kidogo kidogo.

Nilimwambia Randa kwamba baba yake anaogopa bure. Nikamweleza habari ya cherehani. Nikamwambia, "Baba yako aende kwa baba yangu, aeleze yote, asifiche kitu hata kimoja, maana Baba anasema anayemficha wakili anamfunga mikono." Ameandika nyumbani leo hii hii, kwa maneno hayo hayo.

Tafadhali mpokee. Najua ungempokea hata bila mimi kuomba, lakini nimemwahidi Randa kwamba nitaomba.

Ni mimi,
Binti yako

*

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tuko salama. Mvua imevuja tena juu ya kabati la majalada, tumeweka ndoo.

Fundi alikuja. Nilimpokea. Alikuwa amevaa shati lake la harusini na amekata kucha. Kabla hajaingia, karani anasema, alikaa kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe na kupitisha kidole kwenye viungo vyake vyote, kisha akatikisa kichwa kwamba vinashika. Alizungumza kwa muda mrefu, nami nilimsikiliza.

Zaidi ya hapo siwezi kukuandikia. Mambo ya ofisi hubaki ofisini. Na siku nyingine usiwaahidi watu kwa niaba yangu. Wewe ni mwanafunzi, kazi yako ni hisabati.

Mama yako ametuma sabuni na mafuta ya nywele pamoja na barua hii.

Baba yako

*

9 Aprili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Asante kwa sabuni na mafuta, na pole kwa paa. Mimi sijambo, na Randa hajambo kabisa, ndiyo sababu ya barua hii.

Amepata habari kutoka nyumbani. Baba yake alirudi kutoka kwako akalala mchana kutwa, jambo ambalo mama yake hajaliona tangu waoane. Alipoamka aliomba chakula. Alisema, "Wakili wetu amenisikiliza mpaka mwisho, hakunikata hata mara moja." Na alipokuuliza kama kuna njia, ulimjibu, "Tutaona."

Baba, hujui neno hilo limefanya nini katika nyumba ile. Fundi amelirudia kwa mkewe, kwa shemeji, kwa vijana wa karakana. Anawaambia, "Hakusema utaona. Alisema tutaona." Randa naye amelichukua, na tukiwa kwenye foleni ya maji akiona ndoo ni nyingi ananiambia, "Tutaona, Kifungu." Mwalimu wa Kiswahili alipotuuliza mfano wa nafsi ya kwanza wingi, alinyoosha mkono akasema hilo hilo.

Samahani kwa kuahidi kwa niaba yako bila ruhusa. Sitarudia. Lakini sijuti.

Ni mimi,
Binti yako

*

17 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tunaendelea. Samahani kwa kukaa kimya, kazi zimenizidi, na mgongo haunisaidii.

Nina habari ya kukufurahisha. Nimekununulia meza ya kusomea. Ni meza ya kazi nzito, mbao ngumu, droo mbili, imekwanguliwa ikalainika kama sahani. Bei ilikuwa nzuri sana. Nimeiweka chumbani mwako, chini ya dirisha. Likizo ijayo hutakuwa na kisingizio.

Baba yako

*

25 Mei

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za mgongo? Asante sana kwa meza. Nilitaka kumweleza Randa kwanza, lakini Randa hayupo.

Aliitwa ofisini Jumatatu wakati wa kipindi cha jiografia. Alirudi akiwa na shangazi yake, akafungasha vitu vyake, akakunja godoro. Nilimsaidia kubeba sanduku mpaka getini. Nilimuuliza nini kimetokea akasema, "Kamuulize aliyesema tutaona." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ilikuwa kama sauti ya mtu aliyechoka kutembea. Kisha akapanda gari na hakuangalia dirishani.

Wasichana wanasema ni ada. Mimi nasema haiwezekani iwe ada tu. Baba, wewe ndiye wakili wa baba yake, unajua. Mnada umefanyika? Mashine yake si kifaa cha kazi, kama cherehani? Uliiombea mapema?

Nijibu upesi, tafadhali. Kitanda cha chini hakina hata shuka.

Ni mimi,
Binti yako

*

15 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na Mama pia. Mimi nimefika shuleni salama.

Barua yangu ya Mei hukuijibu, na likizo nzima tumekaa chini ya paa moja bila kuizungumza. Nilijaribu mara kadhaa. Nilikuwa nakuletea chai, nikifika mlangoni unafungua gazeti. Kwa hiyo nimeona niandike, maana katika kuandika sisi wawili tumekuwa hodari zaidi.

Siku niliyofika, uliniuliza kama meza inayumba. Nikasema haiyumbi. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote tuliyoongea. Mama alikuwa ameifunika kwa kitambaa mpaka chini, kama watu wanavyofunika kioo kilichopasuka. Nilipokitoa kitambaa nikaijua. Ndani ya droo ya kushoto, kwa nyuma, mwaka jana wakati wa likizo Randa alichonga jina lake, nami nikachonga langu, na K yangu ina mguu mmoja mfupi kwa sababu kisu kiliteleza. Ni meza ambayo Fundi alimtengenezea binti yake alipofaulu kuingia shule hii. Umeninunulia meza ya Randa, Baba. Ulisema bei ilikuwa nzuri.

Nilikwenda kuwatafuta. Karakana ina kufuli jipya na rangi ya duka la mwenye mbao. Nyumba hivyo hivyo. Wao wanakaa chumba kimoja nyuma ya gereji, na harufu ya oili inaingia mpaka kwenye nguo. Fundi alinipa mkono, akasema, "Karibu, Kifungu. Viti hatuna, na fundi wa viti ndiye mimi." Alicheka peke yake. Mama Randa aliendelea kukunja nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari.

Walinieleza bila kupandisha sauti. Siku ya mnada, dalali alikuja moja kwa moja mpaka kwa shemeji na kuitoa mashine kwenye stoo. Alijua stoo, alijua imefunikwa kwa turubai gani. Fundi akamwambia asubiri, wakili wake anakuja. Ukaja. Ulikuja ukasimama upande wa mwenye mbao, ukiwa na jalada lake kwapani. Fundi anasema mpaka dakika ile aliamini umekwenda pale upande ule kuzungumza nao kwa niaba yake. Alikupungia mkono.

Nilimwambia huenda hukuelewana naye. Akasema, "Hapana, mwanangu. Nimelifikiria sana hilo. Baba yako hakunidanganya hata neno moja. Aliniambia, 'Eleza, Fundi,' nikaeleza."

Randa alikuwa amekaa kwenye sanduku lake la shule, linalofanana na langu. Nikaaga. Aliniambia, "Ulisema nimwambie asifiche kitu."

Sasa amekwenda kwa shangazi yake kuuza dukani. Mimi nimerudi huku, nalala juu, na chini amewekwa msichana wa kidato cha kwanza anayekoroma.

Naomba unieleze, kwa sababu kuna kitu ambacho sikielewi, na wewe umenifundisha kwamba kisichoeleweka kinaulizwa.

Binti yako

*

29 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Barua hii imepigwa chapa na karani kwa kuwa mkono unaniuma.

Kwanza, sikuwa wakili wa Fundi. Hakutia saini mkataba wowote na mimi, hakulipa, hakuuliza niko upande wa nani. Mwenye mbao alikuwa amenikabidhi shauri lake majuma kadhaa kabla, na ndiye mteja mkubwa kuliko wote wa ofisi hii.

Pili, mashine iliyofunikwa turubai kwenye stoo ya mtu mwingine ni mali iliyofichwa. Kuificha ni kosa. Kuitaja ni wajibu.

Tatu, vifaa vya kazi huachwa kwa anayeomba. Hakuomba.

Nne, meza ilinadiwa hadharani. Nisingeinunua mimi angeinunua mwingine, asiyejua hata kuipangusa.

Tano, ada ya shule hiyo unayoniandikia kutoka humo hailipwi na washona nguo wanaoshuka ngazi wakiimba.

Natumaini nimekueleza vya kutosha. Jitahidi katika masomo.

Baba yako

*

8 Agosti

Baba,

Shikamoo. Pole kwa mkono.

Nimeisoma barua yako kuanzia kwanza mpaka tano, na sikuona mahali ulipokosea sheria. Hakuomba kwa sababu alidhani yupo wa kumwombea. Hakuuliza uko upande wa nani kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia uko upande gani.

Nina swali moja tu, nalo ni la sarufi. Uliposema "tutaona", hiyo "tu" ilikuwa ya akina nani?

Naomba unijibu kwa mkono wako, hata kama unauma. Usimpe karani. Na nijibu kama baba, maana wakili amekwisha kujibu.

Binti yako

*

24 Agosti

BILA KUATHIRI HAKI

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, ingawa siku hizi huongea akiulizwa tu.

Ilikuwa mimi na mwenye mbao.

Fundi alipofungua mlango akavua kofia na kusema "wakili wetu", nilijua amekosea mlango. Jalada la mwenye mbao lilikuwa wazi mbele yangu. Nililigeuza kifudifudi. Kilichotakiwa ni kusema, "Fundi, mimi niko upande wa pili, nenda mji wa jirani." Nilisema moyoni nimwache avute pumzi kwanza, nitamwambia akitulia. Alipotulia alikuwa amekwisha kunitajia stoo na turubai, na nikaona kwamba kumwambia kungenigharimu mteja. Nikamwambia karani amletee maji. Akaniuliza kama kuna njia. Nikamjibu lile neno. Nimeishi na kauli za namna hiyo miaka yote hii, zisizo uongo, na hazijawahi kunikaa kooni.

Siku ya mwisho ya kuombea vifaa vya kazi nilikuwa naiona kwenye kalenda ya ukutani kila nilipoinua kichwa. Ilipopita, nilipata nafuu. Hilo sijamwambia mama yako.

Alinipungia mkono siku ile. Nilijifanya natafuta miwani.

Ukimaliza kusoma, usimwonyeshe mtu, na usiitunze.

Baba yako

*

2 Septemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo na mkono vinapata nafuu. Mimi si mgonjwa.

Nakushukuru kwa kunijibu kwa mkono wako. Nilipoufungua ukurasa niliona mwandiko wako kwanza, nikafurahi, ndipo nikaona muhuri. Umeugonga vizuri, katikati, wino haujaruka. Nilikaa kwenye ngazi za bweni nikajiuliza kama ulisahau, kama ulikuwa mkononi mwako tu kwa mazoea. Lakini muhuri ule unakaa kwenye droo yenye ufunguo. Lazima ulinyanyuka.

Mwezi wa pili nami niliyaandika maneno hayo, juu ya maksi zangu, nikajiona mwerevu. Kwa kweli haukuwa mzaha mtupu. Niliyatumia kwa sababu nilikuogopa. Sikujua kwamba na wewe unaniogopa.

Ulinifundisha kwamba ni maneno ya watu walio pande mbili. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba nina upande mwingine na wewe. Na kwa kanuni yako, siwezi kuichukua barua hii nikamsomea Fundi, siwezi kumwambia Randa, siwezi hata kukaa mezani nyumbani nikasema najua. Umeniambia kweli yote kisha ukanifunga mikono. Aliyetakiwa kuambiwa si mimi, Baba. Mimi sikupoteza mashine.

Kwa hiyo nairudisha. Iko ndani ya bahasha hii, sijaikunja vibaya, sijainakili. Naomba uiandike tena, maneno yale yale, na ile ya miwani pia, lakini juu pawe patupu. Na uiandike kwa Fundi. Anakaa nyuma ya gereji, mlango wa kijani usio na komeo. Ukiiandika hivyo, nitakaa kama mtu ambaye hajawahi kusoma kitu, nikusubiri unieleze mwenyewe.

Nimeweka pia stempu. Najua ofisini zipo, lakini hii ni yangu.

Meza naomba Mama aipeleke. Si lazima umpe ruhusa, inatosha usimzuie.

Ni mimi,
Binti yako

*

11 Novemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za nyumbani ninazipata kwa Mama, anasema unaamka mapema na unakaa ofisini mpaka taa za mtaani ziwake. Natumaini unakula.

Mama ameniandikia kwamba meza ilifika. Haikupita mlangoni kwa kuwa chumba ni kidogo, ikabidi Fundi aikate miguu na kuiunganisha tena ikiwa ndani. Aliazima msumeno. Sasa ameajiriwa kwenye karakana ya mtu, anapiga randa kwa mashine ya mtu, na Mama anasema asubuhi vijana wa pale hawamwachii mashine mpaka wamalize kazi zao. Randa bado yuko dukani kwa shangazi. Nimemwandikia mara mbili. Mara ya pili alirudisha bahasha tupu, lakini anwani aliandika mwenyewe, na jina aliloliandika ni Kifungu.

Hisabati nimepata sabini na moja. Kama unavyoona, juu ya karatasi sijaandika kitu. Wala ile nafasi kwenye kibao usiipake rangi kwanza. Sijaamua.

Barua hapa hugawiwa baada ya chakula cha mchana. Mlezi wa bweni anaujua mwandiko wako, ile herufi ya kwanza unayoivuta sana. Nimemwomba ikija aniite, hata kama niko darasani.

Ni mimi,
Binti yako